Umeme tuli kwenye slita na riwainda: ethi ipo, baa zipo, na bado watu wanapigwa shoti

Mzee_wa_Slita (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima mbele.

Kila anayelalamika kuhusu umeme tuli kwenye mashine za kukata (slita), kusokota, kulaminisha au kuchapa filamu na karatasi hupewa jibu moja: "Kagua ethi," yaani waya unaounganisha mashine na ardhi. Si ushauri mbaya. Ila kwa plastiki haukufikishi popote, na leo nataka tulijadili hilo mpaka lieleweke.

Filamu ya polipropilini, poliesta au polithini haipitishi umeme. Chaji ikitua mahali fulani juu yake, inabaki palepale. Ipitishe kwenye rola ya chuma yenye ethi bora kuliko zote, chaji haihami kwenda kwenye rola maana haina njia ya kupita. Ethi huondoa chaji kwenye vitu vinavyopitisha umeme: fremu, rola, shafti, visu, mwili wa opereta. Filamu yenyewe inapita na mzigo wake kama ilivyokuja, na mara nyingi inaongezewa hapohapo.

Maana chaji inazaliwa nyuso mbili zinapogusana kisha kuachana. Zikigusana, elektroni zinahama kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Zikiachana, kila upande unaondoka na chake. Si lazima kitu kisuguliwe, msuguano unaongeza tu eneo lililogusana. Sasa angalia mashine yako kuanzia anwainda (roli inapofunguliwa) hadi riwainda (inaposokotwa tena): kila rola ni mahali pa kugusana na kuachana. Rola ya mpira inayobana filamu kwenye chuma ni mbaya zaidi kwa sababu ya ule mbano. Anwainda yenyewe ni plastiki inavuliwa kutoka juu ya plastiki. Halafu kuna korona, ambayo tumeiweka wenyewe ili iupige uso wa filamu kwa umeme wino upate kushika. Filamu ikitoka pale imejaa chaji, tusijifanye kushangaa.

Twende kwenye mita, maana ndipo wengi wanapopotea.

Ukishika mita ya uga (inayopima mvuto wa chaji bila kugusa) mbele ya filamu ikiwa imelala juu ya rola ya chuma, itakuambia mambo ni shwari. Shuka kidogo hadi pale filamu inapoiacha rola na kuwa hewani, mshale unaruka. Watu wanadhani chaji imezaliwa kwenye hicho kipande kifupi. Hapana, ilikuwepo. Juu ya rola, chaji ya filamu inaita chaji pinzani ndani ya chuma, na uga wote unaelekea huko ndani. Mita haibakiziwi kitu cha kupima. Chukua chaji ya maikrokulombu 10 kwa mita mraba kwenye filamu ya maikroni 20. Ikiwa juu ya rola, uso wake una kama volti 10 tu. Filamu hiyohiyo, chaji hiyohiyo, ikiwa hewani mbele ya mita iliyo umbali wa milimita 25, inasoma zaidi ya kilovolti 20. Kwa hiyo mtu akikuambia "nimepima, hakuna static", muulize kwanza amepimia wapi.

Na baa ya ayoni, ile fimbo inayotoa chembe zenye chaji (ayoni) ili zifute chaji ya filamu, ina tabia hiyohiyo. Baa haisukumi ayoni kwenye filamu kwa nguvu zake tu, chaji ya filamu ndiyo inayozivuta. Ukiifunga ikitazama filamu iliyo juu ya rola, filamu haina mvuto wowote kwa nje, na ayoni nyingi zinaishia kwenye chuma kilicho jirani. Nimeona baa nzuri, mpya, imefungwa kwa bolti nne safi kabisa, inatazama katikati ya rola kwa sababu tu pale ndipo palipokuwa na tundu la kuifungia. Ikasogezwa kidogo ikatazama filamu iliyo hewani, na mashine ikawa nyingine.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia uwanja: baa muhimu kuliko zote ni ile iliyo karibu kabisa na riwainda. Ukiondoa chaji mwanzoni mwa mashine halafu filamu ikapita rola nyingine nane kabla ya kusokotwa, umefanya kazi ya bure. Kwenye roli kila tabaka linaongeza chaji yake juu ya lililotangulia. Filamu iliyokuwa na kilovolti chache hewani inazaa roli ambayo ukiikaribia nywele za mkono zinasimama.

Leteni hoja.

---

Karatasi_Kavu

Mkuu umenena. Ila sisi ni watu wa karatasi, hatuna plastiki kabisa, na bado shiti zinashikana kwenye fida (sehemu inayolisha shiti kwenye mashine), zinaingia mbili mbili. Kuna miezi hakuna tatizo, kuna miezi ni balaa. Hiyo nayo ni habari ya baa?

---

Unyevu_Kwanza

Mimi nitapingana na mleta uzi kidogo. Weka mashine ya kuongeza unyevu, peleka hewa ya chumba kwenye asilimia 55, habari imeisha. Hayo mambo ya mita na baa ni kununua vitu tu. Nimefanya kazi ya karatasi miaka mingi, unyevu ndio dawa.

---

Mzee_wa_Slita

@Karatasi_Kavu na @Unyevu_Kwanza, nawajibu pamoja.

Kwa karatasi, Unyevu_Kwanza yuko sahihi na simpingi. Nyuzi za karatasi zinanyonya maji kutoka hewani, na maji yakiwemo, karatasi inapitisha umeme kiasi cha kutosha chaji kutiririkia kwenye rola yenye ethi. Unyevu wa hewa ukiwa asilimia 50 na kitu husumbuki sana. Ukishuka chini ya 30 karatasi inaanza kufanya kama plastiki. Ndiyo maana una miezi mizuri na miezi mibaya, na kwenye karatasi ethi ya rola ina maana kuliko kwenye filamu.

Lakini angalieni kitu kimoja. Kinachohesabika ni maji yaliyomo ndani ya karatasi, na hewa ya chumba haikuambii hilo moja kwa moja. Karatasi iliyotoka kwenye kikaushio sasa hivi ni kavu hata kama chumba kina asilimia 60, na kwa mwendo wa mashine haipati muda wa kunyonya chochote kabla haijafika kwenye fida au riwainda. Roli iliyofunguliwa ikitoka ghala kavu ni hivyohivyo.

Kwa filamu sasa, hapo tunaachana njia. Polipropilini na polithini hazinyonyi maji ya maana. Unaweza kulowanisha chumba mpaka visu vishike kutu na filamu bado ikafika riwainda na kilovolti zake. Unyevu unapunguza tatizo kidogo, haulimalizi.

---

Unyevu_Kwanza

Kwa filamu sina uzoefu, nakubali. Kwa karatasi nakazia msimamo wangu.

---

Dada_Usalama

Habari zenu. Nimesoma, naomba nitie neno kabla watu hawajaondoka na wazo kwamba ethi si kitu.

Mleta uzi amesema kweli kuhusu filamu, lakini kwenye mashine za gravyua, flekso ya solventi na laminesheni ya gundi ya solventi (kimiminiko cha kuyeyushia chenye mvuke unaowaka), kinachounguza watu mara nyingi ni kitu cha chuma au mtu ambaye hana ethi. Filamu ikitoa cheche inatoa kwa kipande kidogo tu cha uso, kwa sababu chaji iliyobaki haiwezi kukimbilia hapo. Hata hivyo cheche hiyo inaweza kuwasha mvuke wa solventi nyingi, msije mkaidharau. Chuma kisicho na ethi kinamwaga chaji yake yote kwa mpigo mmoja.

Piga hesabu. Mvuke wa toluini uliochanganyika na hewa vizuri unawashwa na cheche ya takriban milijuli 0.24. Mwili wa mtu una uwezo wa kuhifadhi chaji wa kama pikofaradi 150. Akiwa na kilovolti 10, cheche ya kidole chake ina milijuli 7.5, yaani mara 30 ya inayohitajika. Sasa shuka hadi kilovolti 2, kiwango ambacho wengi wetu hatuhisi kitu au tunahisi kidogo sana: bado ni milijuli 0.3. Kwa hiyo opereta akisema "leo sijapigwa shoti", hiyo si ripoti ya usalama.

Rola nazo zina siri yake. Mashine ikiwa imesimama, unapima kutoka kwenye rola hadi fremu unapata omu chache, unaandika "sawa". Ikianza kuzunguka, mipira ya beringi inaelea juu ya utando wa grisi na rola inaweza kukosa ethi kabisa. Rola yenye pikofaradi 200 ikifika kilovolti 15 ina milijuli 22. Dawa ni brashi ya kaboni inayogusa shafti, au grisi inayopitisha umeme, na kipimo kifanyike rola ikizunguka. Miongozo ya usalama wa umeme tuli, NFPA 77 na IEC 60079-32-1, inaruhusu hadi megaomu 1 kwa ajili ya kumwaga umeme tuli, lakini kwa muungano wa chuma kwa chuma ulio mzima unatakiwa kupata omu 10 au chini. Ukipata kilo-omu mia mbili hapo, ujue kuna rangi, kutu au bolti iliyolegea. Msiruhusu isomeke tu ndani ya megaomu mkaridhika.

Kwa mtu: viatu na sakafu kwa pamoja visizidi megaomu 100 hadi ardhini. Viatu vya kupitisha chaji havina faida kama sakafu imepakwa rangi nene, au soli imejaa wino mkavu. Huo wino mkavu wa soli ndio ninaoukuta mara nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Na baa: ile ya kawaida ya kilovolti kadhaa hairuhusiwi karibu na trei ya wino wa solventi. Lazima iwe imethibitishwa kwa eneo lenye mvuke unaolipuka. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja, "cheti cha eneo gani?" Akianza kuzunguka, mwache.

---

Mzee_wa_Slita

@Dada_Usalama shukrani sana, dada yangu. Hilo la kupima rola ikizunguka ningeomba kila fundi humu alibandike ukutani. Naongeza dogo: rola za aluminiamu zilizopakwa ule ugumu wa anodaizi zina utando usiopitisha umeme juu yake. Ukibonyeza ncha ya mita ya omu kwenye uso wake unaweza kudhani rola haina ethi. Pimia kwenye shafti.

---

Kijana_wa_Riwainda

Wakuu mimi opereta tu. Swali langu: nikikaa karibu na roli kubwa ya filamu inayosokotwa, sijaigusa kabisa, halafu nikashika fremu ya mashine, napigwa shoti. Fundi umeme amekagua mara zote anasema fremu haina umeme. Wenzangu wanasema mashine ina pepo.

---

Dada_Usalama

Mdogo wangu, fremu haina shida. Wewe ndiye uliyekuwa na chaji.

Roli yenye chaji hasi inasukuma elektroni za mwili wako mbali nayo na kuacha upande unaoitazama na chaji chanya. Ukiwa umevaa soli za mpira, volti za mwili wako zinapanda hata kama hujagusa kitu. Ukishika fremu, cheche inapita kati yako na chuma, na sasa mwili umebaki na chaji kamili ya kwako. Ukiondoka karibu na roli ukashika kitu kingine, unapigwa tena. Fundi akipima fremu atapata sifuri mpaka mwisho wa dunia.

Dawa ya upande wako ni viatu na sakafu kama nilivyoandika juu. Dawa ya roli ni baa, na hapo namrudishia mwenye uzi.

---

Kijana_wa_Riwainda

Duh. Asante dada. Pepo kumbe ni mimi.

---

Fundi_Mafuta

Vipi kuhusu ule uzi wa kung'aa wa nyuzi za shaba, ule watu wanafunga kukatiza mashine? Bei rahisi, hauhitaji umeme, na upo kwenye mashine zetu zote.

---

Mzee_wa_Slita

Huo uzi ndio tinseli, na inafanya kazi, tena kwenye maeneo ya solventi ina faida ya kutohitaji volti kubwa ya kutoka nje. Ncha zake kali zinakusanya uga wa filamu, hewa ya pale kwenye ncha inapasuka na kuzaa ayoni. Nguvu inatoka kwenye chaji ya filamu yenyewe. Hapo ndipo penye kikomo: chaji ikishapungua kiasi, ncha zinanyamaza na unabaki na kilovolti chache ambazo tinseli haitaziondoa hata ufunge tatu mfululizo. Kwa kuzuia shoti na cheche kubwa, sawa. Kwa kuzuia vumbi kuvutwa kwenye filamu ya kulaminishwa, haitoshi.

Masharti yake: iwe na ethi kweli (nimeona imefungwa kwa kamba ya nailoni pande zote mbili, yaani pambo), iwe milimita chache kutoka kwenye filamu, ivutwe vizuri isilegee katikati, na itazame filamu iliyo hewani. Ikishajaa vumbi na vipande vya ukingo, ng'oa ufunge nyingine. Hiyo haioshwi. Brashi za nyuzi za kaboni zinazotazama filamu (si zile za kugusa shafti) ni kanuni ileile.

---

Shiti_Kwa_Shiti

Niwape fumbo. Tunakata poliesta kuwa shiti. Shiti zinashikana kwenye bunda mpaka unazitenganisha kwa kucha. Nimepima filamu hewani kama uzi unavyotaka, mita inasoma karibu na sifuri. Baa mbili zipo, zinawaka. Nimepima tena upande wa pili, sifuri. Sasa hiyo nayo tuiite nini?

---

Mzee_wa_Slita

@Shiti_Kwa_Shiti hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri.

Filamu yako ina chaji pande zote mbili, ila zinapingana: juu chanya, chini hasi, kwa kiasi kinachokaribiana. Mita iliyo mbali inaona jumla, na jumla ni sifuri. Lakini ukizipanga shiti, uso chanya wa moja unatazama uso hasi wa nyingine, na kati yao kuna nafasi ndogo sana. Hapo zinang'ang'aniana. Baa zako haziwezi kusaidia kwa sababu ileile iliyoipofusha mita: filamu ikiwa hewani, hakuna uga wa nje wa kuvuta ayoni.

Kuna njia mbili za kuiona. Ya kwanza ni voltimita isiyogusa, ile inayosoma volti moja moja na si kilovolti, ukaishika juu ya filamu iliyolala kwenye rola ya chuma yenye ethi. Pale rola inafuta mchango wa upande wa chini, unabaki na wa juu. Utaona makumi au mamia ya volti. Ndiyo, nilisema juu ya rola usipime. Nilimaanisha kwa mita ya uga, unapotafuta jumla. Huku tunatafuta kitu kingine kwa chombo kingine.

Ya pili ni ya kizamani na mimi naipenda zaidi. Mashine izimwe, pawe mbali kabisa na solventi, kata kipande cha filamu kwa kukishika pembeni, kining'inize, kisha nyunyiza unga wa tona ya fotokopi kidogo sana na upulizie uliozidi. Chaji itajichora. Georg Christoph Lichtenberg aliyaona maumbo ya namna hii mwaka 1777 kwa unga juu ya sahani ya lami, na bado hakuna mita inayokuonyesha kwa haraka namna hiyo ni wapi chaji imekaa. Ukiona michoro kama mizizi ya mti, filamu ilipasua hewa mahali fulani, mara nyingi inapoachana na rola. Ukiona mistari ya kukatiza filamu, iliyo sawasawa kwa umbali, nitaieleza chini. Ukiona alama inayojirudia, pima umbali kati ya alama na alama, gawanya kwa 3.14, halafu tafuta rola yenye kipenyo hicho.

Chaji ya pande mbili ikishakuwepo ni ngumu kuitoa. Ni rahisi kuizuia isizaliwe. Anza kwenye rola ya mpira yenye mbano na kwenye korona: punguza mbano kama kazi inaruhusu, badilisha mpira usiopitisha umeme uweke unaopitisha, na ondoa chaji mara tu baada ya kila sehemu hiyo, kabla filamu haijagusa rola inayofuata.

---

Shiti_Kwa_Shiti

Rola ya mpira ya kuvuta filamu tuliibadilisha mwaka huu, tukaweka mpira mgumu zaidi. Sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili. Naenda na tona.

---

Wino_Mzito

Kwa nini msitumie tu filamu yenye dawa ya kuzuia umeme tuli ndani yake, mkaachana na mahangaiko yote haya?

---

Mzee_wa_Slita

Ipo na inatumika. Gliserili monostearati na wenzake wanachanganywa kwenye plastiki, wanapanda taratibu hadi juu ya uso, wanavuta unyevu wa hewani, na uso unaanza kupitisha umeme kidogo. Shida ni kwamba wanahitaji muda wa kupanda, wanahitaji hewa yenye unyevu, na wakishafika juu wanakuwa kati ya filamu na wino au gundi yako. Kama unachapa au unalaminisha, ongea na aliyetengeneza filamu kwanza. Kwa mifuko isiyochapwa, haina ubaya.

---

Volti_Nyingi

Mkuu ulituahidi ile mistari ya kukatiza. Na pia sema kuhusu aina za baa, AC na DC, maana wauzaji wanatuchanganya.

---

Mzee_wa_Slita

Twende.

Baa ya AC inatoa ayoni chanya na hasi kwa zamu, mara 50 au 60 kwa sekunde kufuatana na umeme wa laini. Kazi yake ni ya karibu, milimita 25 hadi 50 hivi. Sasa mashine ikienda mita 300 kwa dakika, hiyo ni mita 5 kwa sekunde. Kwa hezi 50, kila mzunguko mmoja wa baa filamu inasogea sentimita 10. Baa ikiwa karibu mno na ina nguvu, inapaka filamu ukanda chanya wa sentimita 5, kisha ukanda hasi wa sentimita 5, na kuendelea. Ndiyo ile mistari kwenye tona. Baa imeondoa chaji moja na kuandika nyingine. Isogeze nyuma kidogo ayoni zichanganyike, au tumia baa yenye masafa makubwa zaidi.

Baa za DC, hasa zile za kupiga kwa zamu ambazo unaweza kurekebisha mapigo yake, zinafika mbali, kuanzia sentimita 10 hadi karibu mita moja. Hizo ndizo za kutazama roli inayokua kwenye riwainda, maana umbali unabadilika kadiri roli inavyonenepa na baa ya AC inaachwa nyuma.

Uwezo nao unahesabika, usikubali kuambiwa "ina nguvu". Filamu ya upana wa mita 1, chaji maikrokulombu 10 kwa mita mraba, mwendo mita 5 kwa sekunde: unahitaji maikroampia 50 za ayoni zinazoifikia filamu kwa kila mita ya upana. Ukiongeza mwendo mara mbili, mahitaji ni mara mbili. Ndiyo maana baa iliyokuwa inatosha mwaka jana haitoshi baada ya uzalishaji kuongeza spidi, na hakuna aliyeigusa.

Halafu uchafu. Taa ya kijani kwenye kisanduku inakuambia transfoma ina umeme. Haikuambii sindano zinatoa ayoni. Sindano zinakusanya vumbi la karatasi, ukungu wa wino na mvuke wa silikoni, ncha inapofuka. Zima, subiri, sugua kwa brashi laini na aikoholi ya aisopropili, acha ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Kisha pima filamu kabla na baada ya baa, papo hapo, mashine ikiwa kwenye mwendo wa kazi. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo afya ya baa. Andika kwenye daftari, maana sindano zinachakaa taratibu na jicho haliwezi kuona.

---

Wino_Mzito

Kwetu kuna mashine ya gravyua ina kifaa kinachotia chaji kwa makusudi kwenye rola ya mpira. Huku mnaondoa, kule wanaongeza!

---

Volti_Nyingi

Hiyo inavuta wino utoke kwenye vishimo vya silinda, nukta zisikosekane kwenye karatasi. Chaji ikitumwa mahali pake ni mfanyakazi. Wanaotengeneza filamu wanaitumia kubandika kingo kwenye rola baridi, na watu wa mifuko wanabana bunda lisiteleze. Ila baada ya kituo hicho lazima uiondoe, la sivyo unaipeleka riwainda.

---

Kijana_wa_Riwainda

Swali la mwisho wakuu. Roli ikishatoka kwenye mashine na ina chaji, tukaiweka kwenye paleti, tunaweza kuipitishia baa ikaisha? Jana mwenzangu wa ghala kapigwa na roli iliyokaa usiku mzima.

---

Mzee_wa_Slita

Hapana, na ndiyo maana nilisema baa ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Baa itanyamazisha nje ya roli, mita itashuka, utaona kama imekwisha. Chaji ya matabaka ya ndani ipo palepale, ayoni haziwezi kupenya plastiki. Ukianza kuifungua kwenye mashine inayofuata, inarudi yote. Kwenye paleti ya plastiki na koa (bomba la katikati ya roli) ya karatasi kavu inaweza kukaa siku nyingi.

Roli hiyo ikienda kwenye mashine ya solventi, mwambie opereta wa kule kabla hajaipandisha, na baa yenye cheti iwe mara tu baada ya anwainda. Kwa mwenzako wa ghala, viatu. Kwa roli za kesho, sogeza baa ya riwainda itazame filamu ikiwa hewani kabla haijagusa roli, na ya DC itazame roli yenyewe tangu tabaka la kwanza.

---

Shiti_Kwa_Shiti

Nimerudi. Tona imechora mizizi kwenye filamu upande mmoja tu wa rola ya mpira, upande wa opereta. Upande wa gia ni safi. Mbano hauko sawa kwa upana. Kesho tunalegeza na kupima kwa karatasi ya shinikizo, nitaleta picha.